Matundu Kumi na Tano

Jumamosi, 19 Julai

Naanza leo. Daftari ni la kwaya ya akina mama, mke wangu Nashipae ndiye katibu wao, lakini kurasa za nyuma ziko tupu na hawatazifikia mwaka huu. Mtu anayebuni kitu lazima aweke kumbukumbu. Siku watakapokuja kumhoji asianze kubabaika na tarehe.

Mimi ni Gadiel, fundi wa televisheni na dekoda hapa Maji ya Chai. Kibanda cha bluu, ng'ambo ya pale mabasi yanaposimama. Nyumbani Kikwe. Baridi kali. Mlima hatujauona wiki ya pili sasa.

Jambo lenyewe linamhusu baba. Mzee Anaeli ndiye mweka namba za nyimbo katika usharika wetu, mwaka wa thelathini na moja huu. Ubao uko ukutani, kulia kwa madhabahu. Vibao vya namba alivichonga mwenyewe kwa mbao ya mringaringa, na kisanduku cha kuvitunzia alikitengeneza mwenyewe. Kila Jumapili anafika kabla ya kengele ya kwanza, anapanga namba, anarudi nyuma hatua tatu kuziangalia, kisha anakaa.

Juni akakosea. Aliweka 129, ilitakiwa 126. Kibao cha sita ukikipindua ni tisa, basi, ndicho kilichotokea. Kwaya wakaanza wimbo wao, wanawake wakaanza wimbo mwingine, wanaume wakanyamaza kusubiri mshindi. Watu walicheka hadi mchungaji akacheka. Baba hakucheka. Alitazama viatu vyake mpaka baraka.

Sasa baraza la wazee wanasema macho ya Mzee yamechoka, apumzishwe. Mwinjilisti Thomasi akamwombea muda hadi Sikukuu ya Mavuno, Jumapili ya tarehe 24 Agosti. Hapo nikasimama mbele ya baraza zima, nikasema ninayo dawa. Mashine! Baba atabonyeza namba kwenye vibonyezo vikubwa, na projekta ya kanisa itaimulika ukutani kubwa kama mlango. Akikosea anafuta kabla mtu hajaona. Kazi inabaki yake. Hata waliokaa nje kwenye turubai wataiona. Wazee wakatazamana. Wakakubali!

Nitatumia chipu moja ndogo ambayo nimekuwa nikiichezea mwaka mzima. Peke yake haiwezi kuongea na projekta, kwa hiyo naichorea bodi ya nyongeza yenye soketi mbili: moja ya picha, moja ya waya wa mtandao kwenda nje. Kilichobaki ni kuchagua soketi tu. Kitu kidogo.

Baba alipita kibandani asubuhi. Kila Jumamosi anakwenda kanisani kufuta vumbi, na projekta iko kwenye kabati ambalo ufunguo anao yeye. Akauliza kama nina nafasi, twende wote nikaione. Nikamwambia nina dekoda tatu za watu. Kweli zilikuwepo tatu. Sikugusa hata moja.

Jumatatu, 21 Julai

Nilikwenda mjini, Themi, dukani kwa Hans. Hans tulisoma ufundi pamoja. Kwao Machame. Duka lake lina mlango wa kioo na vigae, na kiti kinachozunguka. Sikwenda kumuuliza ushauri. Nilikuwa napita tu.

Nikamtajia bodi, kwa mbali. Akauliza soketi gani ya picha. Nikamwambia ninazo tatu mezani. Ya kwanza ile ya njano ya zamani, kila fundi anaijua, lakini picha yake ina ukungu. Ya pili VGA, ile pana yenye matundu kumi na tano, mistari mitatu, matano matano. Ya tatu HDMI, nyembamba, ya kisasa, iliyo kwenye kila televisheni inayoingia kibandani kwangu siku hizi.

Hans hakufikiria hata sekunde. Akasema weka VGA, fundi. Kwa chipu ndogo vile ni rahisi, vipinga vichache tu na kazi imeisha, HDMI itakutoa jasho. Kisha akauliza kama nimeangalia nyuma ya projekta yenyewe.

Swali gani hilo kwa fundi mwenye miaka kumi na miwili kazini! Nikamwambia naijua projekta. Akasema sawa, kaka, ila angalia.

Njiani nimemwelewa vizuri. Hans anataka nibaki nyuma. Anataka siku ya Mavuno watu waone kitu cha kizamani ukutani, waseme Gadiel ndiyo hivyo tena. Angeniambia niweke HDMI ningeweka VGA. Kwa kuwa amesema VGA, nimechora HDMI. Nimeichora mara mbili ili iwe nene.

Jumatano, 23 Julai

Soketi ya mtandao leo. Zipo za kawaida na zipo zenye taa mbili, ya kijani na ya njano, zinazopepesa waya ukipitisha kitu. Nimechagua zenye taa. Mchungaji akiona taa inapepesa hatauliza maswali mengi.

Vipimo vyake sikuvipata, kwa hiyo niliishika soketi, nikaigeuza miguu juu, nikahesabu miguu yote minane, nikaichora jinsi nilivyoiona. Nashipae alikuwa ananikatia mboga pembeni. Akauliza mbona naichora ikiwa imelala chali wakati kwenye bodi itasimama. Nikamwambia Mama Calvin, huu si mshono wa gauni. Akaendelea na mboga.

Mchoro umekwenda China saa kumi jioni. Nimeandika jina kubwa juu yake: GADI-1. Bodi tano. Mbili za kazi, tatu za maonyesho.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nilikwenda viwanja vya maonyesho na nani nikamkuta? Hans, ndani ya banda, amevaa fulana yenye jina la duka lake. Ana kidude cha kumwambia mkulima kwa simu kwamba nyanya zake zina kiu. Watu wamejaa, mabibi kwa mababu. Bila waya hata mmoja. Nilisimama nyuma ya mama mmoja mwenye miche ya parachichi ili asinione. Akaniona. Akaniita mbele za watu, akawaambia huyu ni fundi mkubwa, anatengeneza mashine ya kanisani kwao. Kunidhihaki vile! Nashipae anasema alikuwa ananisifu. Nashipae ni mwepesi kuamini watu.

Jumamosi tatu zimepita baba ananiuliza kama nina nafasi. Kesho ya nne. Nitamwambia nimechoka na maonyesho.

Alhamisi, 14 Agosti

ZIMEFIKA! Bodi za kijani, nyembamba, jina langu limeandikwa kwa wino mweupe. Nilizibusu. Mteja wa dekoda akajifanya anaangalia barabarani.

Nikachomea chipu, nikachomea HDMI (jasho, kweli, lakini Hans hatajua). Ikabaki ya mtandao. Haiingii. Naizungusha, haiingii. Miguu iko upande huu, matundu ya bodi yako upande ule, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Nilikaa nayo saa nzima nikiwalaumu Wachina, mpaka nikakumbuka soketi imelala chali mkononi mwangu na Nashipae anakata mboga.

Nimeichora kinyume. Bodi zote tano.

Nilitaka kulia, nasema ukweli. Siku kumi zimebaki. Halafu akili ikaja: ukiichomea soketi chini ya bodi badala ya juu, miguu inakaa sawasawa! Nimefanya hivyo. Inafanya kazi, na taa zinapepesa! Ila sasa bodi lazima ilazwe kifudifudi, na kile kisanduku cha plastiki nilichonunua hakifungi. Soketi imejitokeza chini kama kitovu cha mtoto.

Nimemwambia Nashipae ni mtindo mpya. Akasema anaona.

Jumatatu, 18 Agosti

Siku ya kusikitisha. Naandika ili niwe mkweli angalau mahali pamoja.

Nimetafuta kisanduku kirefu kidogo, chenye nafasi chini, mji mzima wa Maji ya Chai. Hakuna. Kipo kimoja tu chenye kipimo kile hasa: kisanduku cha baba cha namba. Nilikwenda jioni, nikamwamkia, nikamwomba. Akauliza nitakirudisha? Nikasema Baba, hii ni mashine yako mwenyewe, itakaa kwenye kisanduku chako mwenyewe, kuna uzuri gani zaidi ya huo? Akavitoa vibao kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa nailoni wa sukari, akanipa.

Nimekata matundu mawili ubavuni kwa msumeno. Moja limekwenda kombo. Mringaringa wa miaka thelathini na moja, umekuwa laini kama sabuni kwa kushikwa, na msumeno ukaruka ukachana ubavu mpaka pembeni.

Nilimpelekea aone. Alipitisha kidole gumba kwenye ule mchano, polepole, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Bora angenigombeza. Nikawasha televisheni ya kibandani niliyokuja nayo, nikachomeka, nikamwekea kidole chake kwenye vibonyezo. Moja. Mbili. Sita. Namba ikajaa kioo kizima.

Baba alicheka. Mara ya kwanza tangu Juni! Akabonyeza nyingine, na nyingine, akamwita Nashipae aje aone, akabonyeza namba za nyimbo zote anazozipenda. Nimejisamehe ule msumeno. Karibu wote.

Jumamosi, 23 Agosti

Maandalizi. Nilipanda ngazi kanisani nikaufungua ubao wa zamani ukutani, maana mwanga wa projekta unahitaji ukuta mtupu. Skrubu nne. Nyuma yake ukuta umebaki mweupe zaidi, umbo la ubao. Nimeupeleka kibandani kwangu usiwe njiani.

Baba alikuwa kwenye chumba cha nyuma akifuta vumbi. Akaniita. Akasema njoo uone hapa nyuma ya projekta, mwanangu, panakaa vumbi sana kwenye haya matundu. Nikamjibu kwamba niko juu ya ngazi. Akaita tena. Nikamwambia Baba, fundi hafanyi kazi mbili. Kutoka ngazi mpaka kile chumba ni hatua kumi.

Mchana Hans amepiga simu. Amealikwa kesho na shemeji yake wa hapa. Anasema mwaka jana ndiye aliyebadilisha taa ya ile projekta, na anacho kidude cha kugeuza HDMI kiwe VGA, kidogo kama kiberiti, atakitia mfukoni tu kwa tahadhari. Tahadhari! Aje akae mbele, mashine itakapokwama ainuke mbele ya usharika mzima na kiberiti chake! Nilimwambia asibebe kitu chochote, kitabu cha nyimbo kinamtosha. Akauliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia mara mbili.

Nimelala mchana kidogo. Nimeota ninapigiwa makofi.

Jumapili, 24 Agosti

Najuta. Naandika neno hilo kwanza.

Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Mikungu ya ndizi imeegemezwa mbele, maparachichi, debe za maharage, kuku wamefungwa miguu. Nje turubai imefungwa, chini yake televisheni yangu ya kibandani na bodi ya pili, waya wa mtandao umepita dirishani. Mbuzi watatu wa mnada walifungwa hapohapo.

Baba alivaa koti lake la ndoa yangu. Akafungua kabati, akabeba projekta yeye mwenyewe mpaka mezani, akakaa kando yake na kisanduku magotini. Nikazunguka nyuma na waya wangu mpya wa HDMI.

Kulikuwa na soketi moja. Ya bluu. Matundu kumi na tano, mistari mitatu.

Niliizungusha projekta yote. Niliiinua nikatazama chini. Niliwasha tochi ya simu. Mwinjilisti Thomasi akanong'ona kama imekufa. Nilimtafuta Hans kwa macho, nikamwona mstari wa nne. Naye alikuwa ananitazama. Akafunua koti taratibu, akanionyesha mifuko mitupu, kama nilivyomwagiza.

Kengele ya pili ikalia. Mchungaji akaingia. Ukutani hakuna ubao, hakuna mwanga, kuna lile umbo jeupe tu na watu mia nne wanalitazama wakisubiri namba. Baba alikuwa bado anabonyeza. Hakuwa anajua. Moja, mbili, sita, na tabasamu. Nje, mbele ya mbuzi watatu na akina mama wanaomenya viazi, 126 ilikuwa inawaka safi kabisa, nilisikia mmoja akiisifu.

Ikabidi nimwambie. Nilipiga goti nikamwambia sikioni kwamba haitawaka. Akaacha kubonyeza. Akaweka kisanduku chini. Halafu akatoa ule mfuko wa nailoni chini ya kiti. Alikuja nao. Baadaye aliniambia hakuwa amenidharau, ila amezoea, hajawahi kwenda kanisani bila vibao vyake.

Ubao uko Maji ya Chai. Skrubu ziko mfukoni mwangu. Basi baba akasimama mbele ya watu wote, akainua kibao cha moja kwa mkono wa kushoto na cha mbili kwa mkono wa kulia. Namba ina tarakimu tatu na mtu ana mikono miwili. Akanitazama. Nikaenda nikasimama ubavuni kwake, nikainua cha sita.

Nyuma kukaanza vicheko. Kisha mbele. Baba akaninong'oneza kwa Kimeru, bila kugeuza shingo, kwamba nimekishika juu chini. Nilikuwa nawaonyesha 129.

Tulisimama hivyo kwa nyimbo zote sita. Hakushusha mikono hata wakati wa beti za mwisho. Sikuwahi kusimama karibu naye hivyo tangu utoto. Ana harufu ya sabuni ya kipande. Nilitaka ibada isiishe, na nilitaka iishe palepale.

Kwenye mnada mtu alinunua mkungu mmoja, akaurudisha, ukauzwa tena mara tatu, watu wakafurahi, wakanisahau. Wazee hawakukaa leo. Wanasema walimwona Mzee alivyosimama, wataangalia tena Septemba.

Jumatatu, 25 Agosti

Baba aliniita. Nilikwenda na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yamekwisha. Kisha akanipa kibao cha sita, akaniambia nifumbe macho nipapase ukingo wa chini.

Laini. Sikusikia kitu.

Akasema hapo palikuwa na alama. Alipokichonga alikata mkato mdogo chini ya kila kibao cha sita, akipapasa kwa kidole gumba anajua huku ni chini, hii ni sita. Ukiwa juu, ni tisa. Kumbe miaka yote anapanga kwa kidole, macho yalikuwa ya kuhakikisha tu. Lakini kidole kilekile kimeifuta alama kidogo kidogo, mpaka Juni haikuwepo tena. Vibao vya sita viko vitano. Dakika tano kwa tupa! Ninazo tupa nne kibandani, moja sijawahi kuitumia.

Niliuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuwa anangoja Jumamosi moja niwe na nafasi.

Nimeapa. Jumamosi hii, mimi na tupa na baba. Tukimaliza tutafuta vumbi pamoja. Kisanduku nimemrudishia. Tundu moja ameliziba kwa gunzi la mahindi, inapendeza kidogo.

Laiti ningetembea zile hatua kumi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimejifunza. Nimekaa nimetafakari kwa uchungu, nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa HDMI! VGA ndiyo soketi ya kweli. Imara, ina skrubu mbili, haichomoki mtoto akipita. Nimeanza kuchora GADI-2: VGA kubwa katikati, VGA nyingine pembeni ya akiba. Soketi ya mtandao safari hii nimeipindua kwa makusudi.

Kwa sababu ya mchoro huo Jumamosi haikuwezekana. Nilikuwa nimeshika kalamu tangu alfajiri, na mtu wazo likija halirudi. Baba alielewa. Nitakwenda hii inayokuja.

Nashipae amesikia kwamba familia moja ya usharika inayoishi mjini itatoa zawadi ya televisheni kubwa kanisani, ya kisasa. Akauliza kama nisingoje niione kwanza. Nikamwuliza, Mama Calvin, ulikuwepo tarehe 24? Uliona matundu mangapi? Akasema kumi na tano. Nikamwambia basi.

Jumapili, 14 Septemba

Jumamosi ya jana haikuwezekana tena. Wala ile ya kabla yake. Baba hakutaka kunisumbua. Alichukua kisu cha jikoni akakata alama mwenyewe, vibao vyote vitano, akiwa amekaa kibarazani. Alikata kwa uangalifu sana. Kimoja kimoja, vyote kwa usawa mmoja.

Amekata upande wa juu.

Leo kwaya 126. Ubao (nimeurudisha, skrubu tatu, moja imepotea) 129. Wanawake wakaanza, kwaya wakaanza, mtu akacheka tangu mwanzo bila kusubiri. Baba alikuwa amepapasa mara mbili kabla ya kuweka. Nilimwona. Alikuwa na uhakika kabisa, alikuwa amekaa wima.

Sikuweza kumtazama. Nilitazama viatu vyangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Wazee wamekaa. Mwinjilisti Thomasi alikuja mwenyewe nyumbani kwa baba, akanywa chai, akamshukuru kwa miaka thelathini na moja. Namba zitawekwa na Blessing wa kwaya ya vijana. Baba akasema ni sawa. Akampa Blessing vibao na kisanduku, akamwonyesha gunzi lisipotee.

Haraka ya nini? Wiki tatu tu! Wangengoja wiki tatu GADI-2 iingie, baba angekaa na vibonyezo vyake kama mfalme! Nimeumia moyoni, siwezi kuficha. Watu hawana subira na uvumbuzi.

Televisheni ya zawadi imefika, iko kwenye kabati. Hans amepiga simu, ameanza ooh, hizi za kisasa kwa nyuma. Nikakata. Mtu hawezi kunishauri VGA Julai halafu Septemba abadilike.

Ufunguo wa kabati wamemwachia baba. Kufuta vumbi bado ni kazi yake. Asubuhi amepita kibandani na kitambaa chake mfukoni. Nikamwamkia. Akauliza kama leo nina nafasi, twende tukaiangalie hiyo mpya pamoja, maana ameipapasa nyuma yote na yale matundu kumi na tano hajayapata. Nikamwambia yapo, Baba, hujapapasa vizuri. Na leo nina kazi. Labda Jumamosi ijayo.

Akasema haya, mwanangu. Amevuka barabara peke yake. Mimi nimeagiza soketi ishirini za VGA, zisije zikapungua.